Herufi P na Jiwe la Utingo

Mwaka 1971 nilikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu kilichojengwa milimani, na kila ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipakiwa katika lori la Bedford pamoja na magodoro, masanduku na madebe ya mafuta ya taa, tukasambazwa katika shule za vijijini. Lori lile lilikuwa na watu wake wawili. Dereva alikuwa mtu wa makamo ambaye kabla ya kuja chuoni aliendesha malori ya mashamba ya mkonge. Utingo alikuwa kijana mwembamba, mwepesi kama paka, na mali yake kuu ilikuwa jiwe. Lilikuwa jiwe zito, bapa upande mmoja, limefungwa kamba ya katani ili lisije likasahaulika barabarani na kumdhuru mwingine.

Kila tuliposimama mlimani kuwashusha wenzetu, mambo yalikwenda kwa mpango uleule. Dereva alikanyaga breki, akavuta breki ya mkono, lakini mguu hakuutoa. Utingo aliruka chini, akaliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akapiga bodi makofi mawili. Hapo dereva aliulegeza mguu taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, lori likarudi nusu shibiri, likaliegemea jiwe, likatulia. Ndipo alipozima injini, akalitia gia na kushuka.

Siku moja nikamwuliza, kwa ule ujuaji wa vijana waliosoma, kama breki ya mkono ya lori lake haifanyi kazi mpaka lisaidiwe na jiwe. Akanijibu, “Inafanya, mwalimu. Lakini mimi sijui kama inafanya mpaka nitoe mguu.” (Sisi sote alituita walimu tangu siku ya kwanza chuoni, na hakuna aliyemkataza.)

Tulicheka. Jibu lile lilinikaa kichwani kama kichekesho kwa miaka 41, na nimekuja kulielewa uzeeni, kwa aibu ambayo nitaieleza baadaye. Kwanza nataka msomaji afuatane nami tutazame jinsi binadamu alivyohangaika na jambo hili dogo la kukifanya chombo chenye magurudumu kibaki pale kilipoachwa. Vitabu vingi vya historia ya magari husifu mwendo. Kusimama hakuandikiwi sana.

Somo kubwa la kwanza lilitoka relini. Tarehe 12 Juni 1889, huko Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao iliondoka mji wa Armagh kwenda pwani. Mabehewa yalikuwa mengi kuliko nguvu ya injini, na treni ikashindwa karibu na kilele cha mlima. Wakubwa wa safari wakaamua kuikata vipande viwili, ili injini ipeleke kwanza mabehewa ya mbele kisha irudi kuchukua ya nyuma. Breki za treni ile zilitegemea nguvu ya kuvuta hewa kutoka kwenye injini, hivyo mabehewa yalipokatwa yalibaki hayana breki isipokuwa ile ya mkono katika behewa la mwisho. Wakatia mawe chini ya magurudumu. Injini ilipojaribu kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa yaliyosimama, na mguso ule mdogo ukatosha kuyaponda mawe. Mabehewa kumi yakateremka na watu wake, milango imefungwa kwa funguo, yakakutana na treni nyingine iliyokuwa ikipanda nyuma yao. Walikufa watu wapatao 80, wengi wao watoto. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyozilazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojishika zenyewe mabehewa yanapokatika.

Sisi Watanzania hatuwezi kuisoma habari hiyo kama hadithi ya mbali. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Msagali na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda ilirudi nyuma, ikaenda kugonga treni ya mizigo. Ndugu zetu 281 walipoteza maisha. Walimu wa umri wangu wengi wana mtu wanayemkumbuka kwa siku ile.

Sasa tuje kwenye magari. Katika magari ya mwanzo, breki ya mkono haikuwa kitu cha kuegeshea tu; mara nyingi ilikuwa nusu ya breki zote za gari. Ile Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, ilikuwa na wenzo mmoja wa mkono uliofanya kazi mbili: ukiuvuta wote ulishika ngoma za magurudumu ya nyuma, na papo hapo ukaitenga injini na magurudumu. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya gari, na aliyesahau kuvuta wenzo ule aliona gari lake likianza kumfuata, polepole, huku yeye amesimama katikati yake na ukuta wa banda. Kwa hiyo hofu ya gari lililosimama ni ya zamani karibu sawa na gari lenyewe.

Kwa watu wa rika langu gari la shule ya kuendeshea lilikuwa Land Rover, na breki yake ya mkono ilikuwa na tabia ya pekee. Haikushika magurudumu. Ilishika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Ndiyo maana Land Rover ya zamani ukiiacha mlimani ilitikisika kwanza, ikasogea kidogo kwa sababu ya ulegevu wa vyuma vilivyo kati ya shafti na tairi, kisha ikakaa. Naomba msomaji aikumbuke shafti hiyo, kwa maana tutakutana nayo tena.

Gari la otomatiki lilitoka Marekani. Yalikuwapo majaribio mengi kabla yake, lakini giaboksi ya kwanza ya otomatiki kabisa iliyouzwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Vita Kuu ya Pili ilipofika, iliwekwa hata katika vifaru vyepesi. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba giaboksi ile haikuwa na herufi P. Dereva alipotaka kuliacha gari alizima injini, kisha akasukuma mkono wa gia kwenye R, gia ya kurudi nyuma, na humo ndimo ulimokuwa mtambo wa kulifunga. Sijui kama kijana wa leo anaweza kuamini: kuegesha kwa kutia gia ya nyuma katika gari lisilo na klachi!

P yenyewe tunaiona katika giaboksi ya Dynaflow, ambayo Buick waliileta mwaka 1948. Herufi zake zilipangwa hivi: P, N, D, L, R. Ukiutazama mpango huo kwa jicho la mwalimu utaona kosa mara moja. L ni gia nzito ya kwenda mbele, ya kupandia na kuteremkia milima. R ni ya kurudi nyuma. Na zimewekwa majirani. Dereva aliyetafuta nguvu ya kupanda aliweza kujikuta anarudi bondeni. Ford wao, walipoleta giaboksi yao mwaka 1951, walipanga P, R, N, D, L, wakaiweka N katikati ya mbele na nyuma kama ukuta. Kwa muda mrefu kila kampuni ikashika njia yake, na mtu aliyeazima gari la jirani aliazima na hatari yake. Ralph Nader aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha 1965 juu ya usalama wa magari, na kanuni za serikali ya Marekani zilizoanza kutumika Januari 1968 zikaamuru kwamba N lazima ikae kati ya gia za mbele na ya nyuma. Mpango wa P, R, N, D tunaouona leo katika magari yetu umetokana na ubishi huo.

Lakini P inafanya nini hasa? Niliendesha gari la otomatiki mwaka mzima bila kujiuliza swali hili. Nilidhani P ni breki. Siyo breki. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu dogo lenye meno, limefungwa kwenye shafti inayopeleka nguvu nje, ileile niliyomwomba msomaji aikumbuke. Kando yake kuna kidole cha chuma. Ukitia P, kidole hicho kinaingia katikati ya meno mawili, shafti inafungika, na magurudumu yanayosukuma gari nayo yanafungika. Basi. Fundi mmoja alinionyesha kidole hicho katika giaboksi iliyofunguliwa, nikashangaa: kilikuwa hakizidi kidole changu cha gumba. Uzito wote wa gari, abiria, na gunia la mchele, vikiwa mlimani, vinaning’inia pale.

Kutokana na umbile hilo mambo kadhaa yanafuata. Ukitia P gari likiwa bado linatembea, kidole kinarukaruka juu ya meno kwa mlio wa kukwaruza, bila kuingia, na siku moja kitavunjika au kuyala meno. Ukitia P mlimani bila breki ya mkono, gari linateremka kidogo mpaka kidole kibanwe, na asubuhi utakapoutoa mkono wa gia utatumia nguvu, nao utatoka kwa kishindo, “ko!” Kishindo hicho ni chuma kinachonyanyaswa. La tatu ni baya zaidi. Difu hugawa mzunguko wa shafti kwa magurudumu mawili. Ukiinua kwa jeki gurudumu moja kati ya yale yanayosukuma gari, lile lililo hewani liko huru kuzunguka upande mmoja huku lenzake lililo chini likizunguka upande wa pili, na shafti yenyewe ikiwa imesimama kimya, imefungwa barabara na P. Gari linaanguka kutoka kwenye jeki na P haikufanya kosa lolote. Land Rover za zamani zilikuwa na ugonjwa huohuo, kwa sababu ileile. Wenye kubadili matairi kando ya barabara waliutambua kwa michubuko, si kwa vitabu.

Breki ya mkono ni kitu kingine kabisa. Katika magari mengi madogo huvuta waya unaokwenda magurudumu ya nyuma, moja kulia na moja kushoto, na kuzikaza brekishuu ndani ya ngoma zake. Kila gurudumu linashikwa kivyake. Nayo ina udhaifu wake: waya hulegea, hushika kutu, na kutu hupenda kitu kisichotumika. Ndiyo maana magari ya otomatiki, ambayo wenyewe hutegemea P mwaka mzima, ndiyo ambayo breki ya mkono hugoma siku inapotakiwa.

Marekani ilipata somo lake la P kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 serikali ilipokea malalamiko mengi kuhusu magari ya Ford ya otomatiki, yaliyotengenezwa tangu 1966 hadi 1980. Madereva walisema walitia P, wakashuka injini ikinguruma, kisha gari likaruka lenyewe kwenye R na kurudi nyuma. P na R ni majirani, kumbuka, na mkono wa gia ukisimama katikati yao unaweza kumdanganya mtu kwamba umefika. Kampuni ilishikilia kwamba madereva hawakuufikisha mkono mahali pake. Wachunguzi wa serikali walikuwa wamekusanya ripoti za ajali zipatazo 6,000 na vifo 98. Mwisho wa 1980 wakafikia mapatano ambayo mimi huyaona ya ajabu: magari hayakurudishwa kiwandani. Wenye magari wapatao milioni 23 wangepelekewa karatasi ya kubandika karibu na usukani, ya kuwakumbusha waingize P sawasawa, wakaze breki ya mkono, na wazime injini.

Mke wangu niliposimulia habari hii alisema hivyo ndivyo wizara zote duniani zinavyotatua matatizo. Nilimtetea mwandishi wa karatasi ile, maana nami nimekuwa mkuu wa shule na nimebandika matangazo mengi ukutani. Lakini alikuwa na haki.

Baadaye zilikuja kinga za kweli. Mwaka 1986 palizuka kelele kubwa Marekani juu ya magari ya Audi yaliyodaiwa kuruka yenyewe. Uchunguzi wa serikali uliotolewa 1989 uliona kwamba sababu kubwa ilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani ni breki. Kutoka kwenye vurugu hizo tulipata kufuli inayouzuia mkono wa gia usitoke P mpaka mguu uwe juu ya breki. Ipo pia ile inayouzuia ufunguo usitoke mpaka gia iwe P. Mengi ya magari tuliyonayo sisi yana kinga hizo mbili, na zimeokoa watu bila wao kujua.

Kwetu, otomatiki zilikuwa chache sana hadi soko lilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushushwa bandarini, kidogo kidogo katika miaka ya 1990, kisha kwa mafuriko. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na otomatiki zilikuwa zimewaingia kiasi kwamba tangu 1991 Mjapani anaweza kupata leseni ya otomatiki peke yake. Magari yakaja kwetu na maandishi yake, na kitabu cha maelekezo, kama kilikuwapo, hakuna aliyeweza kukisoma. Sisi tuliokuwa tumefundwa na klachi tukafundishana barabarani: “D mbele, R nyuma, P umepaki.” Somo zima dakika tano. Baadhi ya magari hayo hayana breki ya mkono hata kidogo. Breki ya kuegeshea ni kanyagio dogo lililojificha kushoto, mahali pa klachi, na wengi wa rika langu wameshalikanyaga kwa mazoea wakiwa kwenye mwendo. Abiria wao hawasahau.

Nilistaafu mwaka 2010, na mwaka uliofuata sehemu ya kiinua mgongo changu ikawa gari dogo la otomatiki. Nilikuwa nimeendesha gari la gia kwa miaka mingi na nilijiona mjuzi.

Desemba 2012 tulikwenda harusini kwa wakwe, kijijini, milimani. Uwanja wa nyumba unateremka kuelekea jikoni, banda la udongo lenye paa la bati. Nilipofika watu walilizunguka gari, wengine wakinisalimia kwa dirishani, wengine wakifungua milango ya nyuma kumpokea mke wangu na mizigo. Niliusukuma mkono wa gia mbele huku shingo imegeukia dirishani, nikipokea shikamoo. Nilikusudia kushuka kwa dakika moja tu kisha nikatafute mahali pa kuliegesha vizuri, hivyo injini niliiacha ikinguruma na ufunguo mahali pake. Ile kufuli ya ufunguo haikupata nafasi ya kunionya. Gari lilibaki limetulia kwa sababu tairi moja lilikuwa limekaa kwenye kijishimo. Wakashuka abiria watatu. Likashushwa gunia la mchele. Gari likapungua uzito, likainuka kidogo, na likaondoka kinyumenyume bila kelele.

Halikwenda kasi. Ndiyo kitu ambacho nakikumbuka usiku: lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nami nilikuwa nimeshika mlango wake, na sikuweza kulizuia zaidi ya ambavyo ningeuzuia mto. Lilipita kitalu cha maharage, likagonga ukuta wa jiko, ukuta ukaanguka ndani. Pale nje ya ukuta, kwenye kigoda, mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa akipukuchua maharage. Bibi yake alikuwa amemwita kuja kumwamkia, akaacha sahani na kigoda akakimbia. Kigoda tulikitoa chini ya gari vipande vitatu.

Sasa ndiyo ile aibu. Niliwaambia watu gari lina hitilafu. Nilisema gia imeruka yenyewe. Wakwe zangu waliniamini. Nani atambishia mwalimu mkuu mstaafu mbele ya wageni wa harusi? Siku ya tatu, tukiwa njiani kurudi, mke wangu aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwalimu, mbona siku ile sikusikia ile krr?”

Krr ni mlio wa breki ya mkono. Alikuwa ameusikia kila siku kwa miaka yote niliyoendesha gari la gia, na tangu tununue otomatiki aliusikia mara chache, kisha hakuusikia kabisa. Sikumjibu mpaka tulipofika nyumbani. Nilipolipeleka gari gereji, fundi alilijaribu akasema giaboksi ni nzima. Mkono wa gia ulikuwa umeishia kwenye N. Breki ya mkono ilikuwa imelegea kwa kutotumika, hata waya wake ulikuwa na kutu. Ningeivuta siku ile pengine isingeshika. Niliirudia safari ile ya mlimani peke yangu, nikawaambia wakwe ukweli, nikalipa ukuta. Baba mkwe wa mwanangu alinisikiliza, kisha akasema ukuta tayari wameshaujenga, nikae nile.

Miezi saba baadaye nikasikia redioni habari ya mji wa Lac-Mégantic, huko Quebec nchini Kanada, na tangu siku hiyo nimeifuatilia kama mtu anayefuatilia kesi ya ndugu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013 dereva mmoja aliiegesha treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi mlimani nje ya mji, akaenda kulala. Alifunga breki saba za mkono. Tena alizijaribu, kama kanuni ilivyotaka. Lakini alipozijaribu, breki za hewa za injini zilikuwa bado zimeshika, kwa hiyo treni haikusogea, naye akaona breki za mkono zinatosha. Baadaye injini ikashika moto; wazima moto wakauzima moto na injini pia. Injini ilipokufa, hewa iliyoshikilia breki ikaanza kuvuja kidogo kidogo. Kabla ya saa saba usiku treni ikaondoka yenyewe gizani, ikateremka kilometa 11, ikaanguka katikati ya mji na kulipuka. Walikufa watu 47. Wachunguzi walisema zilihitajika breki za mkono kati ya 17 na 26. Wafanyakazi watatu wa reli walishtakiwa, na Januari 2018 baraza la mahakama likawaona hawana hatia.

Niliposoma kwamba alizijaribu breki moja huku nyingine imeshika, nilimwona yule dereva wetu wa Bedford, na mguu wake unaoinuka taratibu. Yule mzee hakuwa na taarifa ya wachunguzi. Alijua tu kwamba breki mbili zikishika pamoja huwezi kusema ipi inayofanya kazi.

Basi leo naegesha hivi, na ninayemfundisha humfundisha hivi. Nasimama kwa mguu. Natia N. Navuta breki ya mkono mpaka mwisho. Kisha naulegeza mguu, ukiwa bado juu ya kanyagio, nalisikiliza gari likikaa. Likisogea nakanyaga tena, na siku hiyo mgeni wangu wa kwanza ni fundi. Likitulia, nakanyaga, natia P, naitazama ile herufi kwa macho, nazima. Kidole cha chuma kinaingia bila kubebeshwa uzito wowote. Kinabaki mlinzi wa pili. Wakati wa kuondoka, mguu kwanza juu ya breki, gia itoke P ingali breki ya mkono imeshika, na hiyo niiache mwisho. Tangu nianze hivyo sijasikia tena “ko!”

Palipo na mteremko nageuza pia magurudumu ya mbele. Sisi tunaegesha kushoto. Ukielekea chini, yageuze kushoto, yatazame ukingo. Ukielekea juu na ukingo upo, yageuze kulia, ili gari likirudi tairi liegemee ukingo kwa nyuma; kama ukingo haupo, yageuze kushoto, liende porini na si barabarani. Mji wa San Francisco, ulio juu ya vilima, umelifanya jambo hilo kuwa sheria, na mteremko wa asilimia tatu tu ukizidi, asiyegeuza hutozwa faini. Kwetu palipo na ukingo wa kuegemea ni pachache, kwa hiyo jiwe bado lina kazi. La kwangu lipo katika buti. Nililitia kamba.

Magari mapya yameiondoa krr. Tangu 2001, BMW walipoweka breki ya kuegeshea ya umeme katika gari lao kubwa, wenzo unageuka kitufe chenye P ndani ya duara. Mikono ya gia nayo imebadilika. Mingine hurudi katikati kila ukiiachia, hivyo mkono wenyewe haukwambii uko wapi, lazima usome taa. Juni 2016 mwigizaji wa filamu Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikutwa nyumbani kwake Los Angeles amebanwa na gari lake, Jeep, kwenye nguzo ya lango. Miezi miwili kabla, kampuni ilikuwa imetangaza kuyaita zaidi ya magari milioni moja yenye mkono wa namna hiyo, kwa sababu madereva walishuka wakidhani wametia P.

Mwanangu amenunua gari la kitufe. Mwaka jana alitupeleka mlimani kwa wakwe walewale, akasimama juu ya uwanja, akabonyeza, akazima, akafungua mlango. Mama yake hakutikisika kitini.

“Mbona halikulia?” akauliza.

Mwanangu akamwonyesha taa nyekundu, akamweleza kwamba siku hizi kuna mota ndogo inayokaza breki yenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, mkoba mapajani.

“Haya, baba,” akamwambia. “Liwashe tena, utie N, halafu utoe mguu nione.”